Bwambale Wawili

Karambi, Bwera
14 Agosti 1961

Shemeji Drani,

Salamu nyingi za hapa. Baba hajambo ila magoti, kahawa imechanua, na mimi bado nauza chumvi na samaki wakavu pale Mpondwe. Wakongo wanavuka kila siku ya soko, wanainua chumvi yangu juani na kuniuliza, "Mama, hii chumvi yako iko na muchanga?" Nawaambia mchanga uko kichwani mwao. Wanacheka, wananunua.

Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na hapa nyumbani hakuna wa kumkasirikia. Wote wamerogwa.

Kuna mtu anaitwa Eriya Bwambale. Alikuwa mwalimu, sasa anataka tumpigie kura aingie baraza kuu kule Fort Portal. Jumamosi alifika hapa na baiskeli isiyo na breki, akasimama kwa kuburuta viatu mpaka kwenye mgomba. Majirani wakajaa uani. Huyo bwana ni mfupi, shemeji, akisema nyuma hawamwoni. Akaomba kitu cha kupandia. Unajua mdogo wangu Yonasani alimletea nini? Kinu changu. Kile alichonichongea marehemu Nuwa tulipooana. Wakakifudikiza, na Eriya akapanda juu yake na viatu vyake vya matope.

Kwenu sijui mnasemaje, lakini kwetu mwanamume hakalii kinu cha mwanamke, sembuse kukipanda. Nilikuwa ndani nikisonga bundu la muhogo, nikasikia watu wanapiga makofi. Kutoka nje namwona yuko juu ya kinu changu, anapunga mikono.

Unajua kwa nini siwapendi watu wa namna hii. Nuwa alimsikiliza mmoja kama huyu, akaenda naye Fort Portal kwa miguu kupeleka malalamiko yetu sisi Bakonzo. Yule msemaji alirudi amenenepa. Nuwa alirudi kutoka kifungoni na kikohozi, na kikohozi ndicho nilichozika. Sasa Yonasani anamfuata Eriya kila kijiji, anambebea kinu changu kichwani, anacheka kama bwana harusi. Kaka yetu Mumbere alikufa mdogo. Yonasani ndiye ndugu wa kiume pekee tuliyebaki naye. Wewe ni polisi, unajua mambo haya huishia wapi. Niambie nifanye nini.

Mkeo Ithungu asisome barua hii. Mimba yake isishtuke kwa ajili ya kinu.

Mimi shemeji yako,
Rusi


Kambi ya Polisi, Kasese
21 Agosti 1961

Shemeji Rusi,

Barua yako Kasim aliileta na lori lake la samaki. Hata karatasi inanuka samaki, Ithungu akaniuliza kama nimepata mke mwingine kule ziwani. Nikamwambia ni dada yake anasalimu tu. Hajambo. Tumbo limekuwa kubwa, na anashindana na mimi juu ya jina. Mtoto wa kwanza nilikubali akaitwa Mumbere, kwa kuwa kwenu kila mtoto wa kiume wa kwanza ni Mumbere. Huyu anayekuja nataka apate jina la kwetu, la babu yangu. Dada yako ananiambia majina hayachaguliwi, yanakuja na mtoto. Nyinyi watu mna amri kuliko jeshi.

Huyo Eriya namfahamu. Alisema hapa karibu na stesheni ya reli, na mimi nilikuwa mmoja wa waliowekwa kulinda mkutano. Kusema kweli sikumpenda. Anasema haraka, na jasho linamtoka mpaka kola. Ila kitu kimoja nilikishangaa. Mtu mmoja wa migodini alimuuliza kama atatujengea hospitali. Akajibu, "Sijui. Mimi nitakuwa mmoja kati ya wengi mule ndani. Naweza kuahidi kuuliza kila siku mpaka wanichoke." Watu wakanung'unika, maana walizoea kuahidiwa. Mimi nimelinda mikutano mingi, na sijapata kumsikia mgombea akisema sijui.

Lakini siyo kwamba nimempenda. Mwambie Yonasani arudi kwenye kahawa. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Wewe una akili, soma sentensi hiyo mara mbili.

Kinu kioshe tu, kitasamehe.

Wako,
Koplo Drani


Karambi
10 Septemba 1961

Shemeji,

Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko ulivyosema, na Yonasani nimemsomea kwa sauti. Akasema, "Shemeji yangu anaogopa mpaka kivuli cha kofia yake." Haya, nimekufikishia.

Mambo yamezidi. Sasa Eriya analala hapa kwetu akiwa na mikutano upande huu. Baba amempa godoro la wageni. Wanakaa kwenye moto wanaongea habari za shule, kwamba watoto wetu wafundishwe kwa Lukonzo kwanza. Baba anacheka mpaka analia. Tangu Mama afariki sikumsikia akicheka hivyo, na hilo nalo linaniudhi.

Mambo ya kinu alikuja kuyajua, sijui nani alimwambia. Asubuhi moja nilimkuta uani amechuchumaa, anakisugua kinu kwa majivu na jani la mgomba. Mwalimu mzima! Akasema, "Mama Rusi, nimekosa. Nilikulia misheni, mambo mengine ya kwetu nayajua nusu nusu." Nikamnyang'anya kinu, nikamwaga maji yake nikakiosha upya mwenyewe. Akaenda kuwatilia mbuzi majani. Nilitamani aseme neno nipate kumtukana.

Nimeona nisingoje mpaka wanifungie Yonasani. Juzi nikitoka soko nilipita ofisi ya mkuu wa gombolola. Mkuu mwenyewe hakuwepo, ila askari wake wapya walikuwa wamekaa kibarazani, wale walioletwa kutoka mbali, hata Lukonzo hawajui. Nikawaambia kwa Kiswahili wazi, "Bwambale analala nyumbani kwa baba yangu Karambi. Njooni mumtoe, aende kwao." Wakauliza nyumba ipi, nikawaelekeza mpaka kwenye mti wa parachichi. Walinishukuru sana. Wakimtoa yeye, Yonasani hatakuwa na mtu wa kumfuata. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Usinigombeze. Wewe ulisema nina akili.

Rusi


Kasese
12 Septemba 1961

Shemeji Rusi,

Naandika nikiwa nimesimama, Kasim anapiga honi nje.

Ulipofika pale gombolola ulisema Eriya, au ulisema Bwambale tu? Nijibu na lori hili hili likirudi. Kama ulisema Bwambale tu, mtoe Yonasani nyumbani leo. Apelekwe kwa shangazi yenu kule juu, akae huko. Usiulize kwa nini. Fanya kwanza.

Drani


Karambi
13 Septemba 1961

Shemeji Drani,

Barua yako imenikuta nimekaa chini uani.

Walikuja jana asubuhi. Tulikuwa tunaanika kahawa. Eriya hakuwepo, alikuwa amevuka kwenda mkutano upande wa bondeni. Askari watatu waliingia, mkubwa wao akauliza, "Nani Bwambale hapa?"

Yonasani akasimama na ungo mkononi. "Ni mimi."

"Wewe ndio Bwambale wa baraza?"

Nilifungua mdomo, shemeji. Nataka ujue kwamba niliufungua. Yonasani akanitazama, akasema, "Bwambale ni mimi, sijui mwingine." Wakampiga rungu la bega, wakamfunga mikono kwa kamba ya mbuzi. Mimi nikawa napiga kelele kwamba siye, kwamba wa baraza ni mwingine, ni mfupi, ana baiskeli. Yule mkubwa akacheka. "Mama, juzi si ni wewe ulisema Bwambale iko hapa? Sasa tumepata, unasema hapana?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Tangu jana hajanena na mimi neno hata moja. Anakula kile anachojipikia.

Nilisema Bwambale tu. Ndiyo jibu lako. Hapa kwetu hakuna mtu angeweza kukosea, kila mtu anajua kila nyumba ina Bwambale wake, mtoto wa kiume wa pili. Ukitaka mtu fulani unasema Bwambale wa nani, au unataja jina la ubatizo. Mimi mwenyewe najua hivyo tangu nimeota meno. Lakini tangu kile kinu kipandwe, kichwani mwangu Bwambale alikuwa mmoja tu, yule ninayemchukia. Mdogo wangu kwangu ni Yonasani. Nilisahau kwamba na yeye ni Bwambale. Nimemuuza ndugu yangu kwa mdomo wangu.

Wanasema amepelekwa Kasese. Ni kwenu huko. Nenda sasa hivi ukawaambie wewe kwamba huyo ni shemeji yako, kwamba siye. Watakusikiliza, wewe ni mwenzao. Nakusihi.

Rusi


Kasese
17 Septemba 1961

Shemeji Rusi,

Yonasani yuko hapa, ameandikwa kama Bwambale mchochezi. Bega limevimba lakini halijavunjika. Nilimpelekea chai na chapati, nikajifanya ni zamu yangu. Ithungu yuko nyumba za nyuma ya kituo, kaka yake yuko upande huu wa ukuta, na hajui. Kila nikirudi ananiuliza kwa nini sili. Namwambia ni joto.

Sasa nitakwambia jambo, na utanichukia.

Sijasema. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa bwana Inspekta, mkono umeshapiga saluti. Lakini kabla ya hapo Yonasani aliniita kwa dirisha dogo. Akasema, "Afande, acha. Ukisema mimi siye, watatoka kumtafuta yeye leo leo. Mkutano wa Kinyamaseke ni Jumatano. Acha aseme Jumatano, halafu sema unachotaka." Nikamwambia wewe ni mjinga, hujui chumba hiki. Akanijibu, "Nakijua. Nuwa alinieleza." Kisha akaniuliza kama mtoto amezaliwa.

Kwa hiyo Inspekta aliponiuliza, "Koplo, iko nini?" nikamwambia taa ya chumba cha nyuma imekwisha mafuta.

Mimi nimevaa nguo hizi tangu kijana. Nimezoea kufanya nilivyoambiwa, na jioni kula na kulala. Sasa nina mtu ndani ambaye namjua si yeye, na nikisema kweli namtia mwingine mahali pake, na nikinyamaza dada yako ananizalia mtoto wakati kaka yake yuko sakafuni. Kila nikisikia mlango wa chuma najaribu kusikia kama anakohoa. Bado hajakohoa.

Ijumaa kuna lori la kupeleka wafungwa Fort Portal. Akipanda lori hilo sitaweza tena kumfikia. Nitasema Alhamisi. Jumatano ikipita tu, nitasema.

Usinihukumu kabla.

Drani


Kinyamaseke
20 Septemba 1961

Koplo Drani,

Sikuiti shemeji. Shemeji gani anampa ndugu wa mke wake chapati, halafu anamfungia mlango?

Yonasani ni kijana, ana wazimu wa ujana. Wewe una tepe mkononi. Ulimsikiliza yeye badala ya kunisikiliza mimi! Nuwa naye alisema ni siku chache tu.

Kwa kuwa wewe una mafuta ya taa ya kushughulikia, nimeshughulika mwenyewe. Leo nimekuja Kinyamaseke kwenye mkutano. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani, hata Wakongo walikuja kutazama. Eriya alikuwa juu ya kinu changu, sijui nani sasa anakibeba. Nikapita katikati ya watu nikasimama mbele yake. Nikamwambia mbele ya wote, "Shuka. Kuna mtu yuko kifungoni kwa jina lako. Wewe unapigiwa makofi na yeye analala sakafuni. Mliniulia mume, sasa mnanilia na ndugu. Wewe hukujua amekamatwa?"

Akaniuliza, "Nani amekamatwa?"

Hakujua, Drani. Alitokea bondeni moja kwa moja, na watu wa kwetu walimficha habari hiyo asije akaacha mkutano. Niliona uso wake. Lakini nilikuwa nimekasirika sana, sikuweza kusimama hapo. Nikamwambia yote, hata mambo yangu ya gombolola. Watu wakaguna.

Akashuka. Hakumaliza hotuba, hakuaga, hata kofia aliiacha. Alichukua ile baiskeli akaondoka. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakanitukana mimi.

Muzamiru anayeniuzia samaki alikuwa barabarani. Anasema amemwona akishuka njia ya mtoni, ile inayovuka kwenda Kongo. "Amekimbia, mama. Mutu akisikia jela, hata mimi nitavuka." Kwa hiyo unaona. Niliwaambia wote. Viatu vyao vina matope ya kila mahali, lakini siku ya siku vinajua njia moja tu.

Sasa hakuna mwalimu wa kulindwa tena. Sema, Drani. Nakuletea barua hii kwa mkono wa Kasim, amenikubalia kuendesha bila kusimama popote. Kama Ijumaa lori litaondoka na Yonasani, usinitumie tena salamu, wala mtoto wako nisimjue.

Rusi


Kasese
21 Septemba 1961

Shemeji Rusi,

Barua yako na yule mtu uliyemwandika ndani yake vimefika karibu pamoja. Kaa chini kwanza.

Hakuvuka Kongo. Njia ya mtoni inakata kona, inatokea tena barabara kubwa ya Kasese. Leo asubuhi, nimekaa kaunta, naona mtu anaburuta viatu uani mpaka baiskeli inagonga mlingoti wa bendera. Suruali imechanika goti, uso umejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alianguka mara ngapi njiani sijui. Akaomba maji. Semakula, karani wetu, akampa kikombe. Akanywa chote, akasema, "Bwambale mnayemtafuta ni mimi. Mwachieni yule."

Semakula akadhani ni mlevi. Inspekta akatoka na gazeti mkononi. Akawatazama wote wawili, maana Yonasani alikuwa ameshaletwa mbele. "Bwambale mbili? Kesho itakuja ya tatu?"

Eriya akasema, "Bwana, ukikaa hapa mwezi mmoja watakuja hata mia. Kwetu ni jina la mtoto wa pili. Lakini wa baraza ni mimi."

Yonasani naye akapaza sauti, "Mwongo! Mimi ndiye!" Nusura nicheke, shemeji, na moyo unataka kunitoka. Watu wawili wanagombania pingu.

Inspekta akanigeukia. "Koplo, wewe umeoa huko. Nani ni nani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata Alhamisi yangu nilikuwa naiogopa. Eriya alinitazama akanitikisia kichwa kidogo, kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi ataje jibu analolijua. Nikasema, "Afande, huyu mrefu ni Yonasani, shemeji yangu, mkulima. Aliyekuja na baiskeli ndiye mwalimu." Inspekta akaniuliza tangu lini najua. Nikasema tangu siku ya kwanza. Hakunipigia kelele. Alinivua tepe za ukoplo pale pale mbele ya Semakula, akasema mengine tutaongea baadaye.

Yonasani yuko kwangu sasa hivi, analala. Ithungu amejua yote. Alilia, kisha akanipiga ngumi kifuani, kisha akampikia kaka yake. Kesho atarudi na Kasim.

Mwalimu ndiye atakayepanda lori la Ijumaa. Nilipomfungia mlango, na mikono yangu hii, aliniuliza kama kinu kimerudishwa kwa mwenyewe. Nikamwambia sijui. Akasema, "Mwambie nilikipanda tena bila ruhusa. Nilitaka kumwomba, nikamwogopa."

Nilikwambia sikumpenda. Nafuta maneno hayo.

Drani, sasa konstebo


Karambi
8 Oktoba 1961

Shemeji wangu Drani,

Nimerudisha neno hilo, lipokee.

Yonasani yuko hapa, bega linapona. Amekonda, na hasemi mengi. Anakohoa kidogo asubuhi. Anasema ni vumbi la barabara. Nakaa mlangoni kwake nasikiliza, kama ulivyokuwa ukisikiliza wewe. Leo hajakohoa.

Baba ameanza kunisemesha. Aliniomba chumvi. Nililia, akajifanya haoni.

Habari ya mwalimu hatuna. Wengine wanasema atawekwa huko mpaka kura zipite, wengine wanasema jina lake limefutwa. Kumbe halijafutwa. Sanduku lake la kura lina picha ya baiskeli, na la yule mwingine, mtu wa mkuu wa gombolola, lina mwavuli. Huyo wa mwavuli anapita kila soko na kusema, "Mtampigiaje kura mtu aliye ndani? Au mnataka na nyinyi mwingie?" Watu wanatazama chini. Jumanne iliyopita hakuna mtu pale Mpondwe aliyethubutu kutamka hata neno baiskeli. Mwenye baiskeli yake aliiita "ile chuma".

Silali, shemeji. Nikifumba macho naona uso wake aliponiuliza nani amekamatwa. Mimi nilidhani nawajua hawa watu. Nilikuwa namchukia mwingine, yule aliyerudi amenenepa, na huyu nikamvisha sura yake. Naye alikuwa mtu tofauti kabisa. Nampenda sasa, nifiche nini. Sio mapenzi ya kike, usiniambie upuuzi, na usimwambie Ithungu kwa namna hiyo. Nataka aingie barazani akawaulize kila siku mpaka wamchoke.

Na mimi ndiye niliyemfunga.

Nafikiria kufanya jambo. Sitakwambia ni nini, utanikataza.

Rusi


Kasese
12 Oktoba 1961

Shemeji Rusi,

Nakukataza hata kama sijui ni nini.

Ninajua ni nini. Usifanye. Askari wa gombolola wanakujua kwa sura. Una meza sokoni, wataitupa mtoni. Una baba mzee. Mwalimu alijitoa ili nyumba yenu ipumzike, nawe unataka kuwaita tena? Kura ni ya siri, kuna pazia. Ingia, tumbukiza karatasi, rudi nyumbani. Inatosha.

Mimi hapa natembea kama juu ya mayai. Inspekta hajasema neno, na kutosema kwake kunanitesa. Kila nikiitwa nadhani ni barua ya kunifukuza, na tukitolewa kambini na mtoto mchanga sijui tutaenda wapi. Tafadhali nipunguzie shaka moja.

Drani


Karambi
5 Novemba 1961

Shemeji Drani,

Nisamehe. Barua yako nilikuwa nimeisoma. Niliitia kifuani, nikaenda nayo.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya kura, soko limejaa. Yule wa mwavuli alikuwa amekwisha sema, akaondoka na gari, ila askari wawili walibaki wananunua ndizi. Yonasani alinibebea kinu, kile nilichorudi nacho kutoka Kinyamaseke. Alikifudikiza mbele ya meza yangu, akakishika kisitikisike. Nikavua viatu, nikapanda.

Watu wakageuka wote. Mwanamke, tena mjane, juu ya kinu chake! Mama mmoja wa Kikongo akasema, "Eh, huyu mama iko na nini leo?" Nilikuwa nimetunga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mnanijua. Mimi nawauzia chumvi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa askari nikasema Bwambale. Walimchukua ndugu yangu. Mwenye jina aliposikia hakungoja kuitwa, alipanda baiskeli akaenda kukaa mahali pake. Sijaona mwingine akifanya hivyo, na mume wangu nilimzika kwa sababu ya watu wa baraza. Mimi nitatia karatasi yangu kwenye baiskeli. Basi." Nikashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani nimeharibu. Askari mmoja alikuja mpaka mezani kwangu, akanitazama sana, akaninunulia chumvi, akaenda. Mpaka leo sijui alikuwa anataka kuniambia nini. Kila mbwa akibweka nafikiri ni yeye.

Siku ya kura nilipanga mstari tangu jogoo wa kwanza. Wanawake waliotangulia mbele yangu walikuwa wengi, hata wale wa kule juu wasioshuka. Mmoja alinifinya mkono bila kunitazama. Nyuma ya pazia nilitumbukiza yangu, nikabaki nimeushika mfuniko wa sanduku mpaka msimamizi akakohoa.

Ameshinda, shemeji! Yule wa mwavuli alidai zihesabiwe tena na tena. Ameshinda, na bado yuko ndani, na hawasemi watamfungulia lini. Baba anasema mtu aliyechaguliwa hawawezi kumweka. Mimi namwangalia Yonasani akinywa uji, nasikiliza kifua chake. Kinu nimekiweka ndani, hakuna anayetwangia. Kinamngoja aje aombe ruhusa.

Niandikie habari za Ithungu. Siku zake zimepita.

Rusi


Kambi ya Polisi, Kasese
19 Novemba 1961

Shemeji Rusi,

Ni mvulana. Ithungu hajambo. Lakot, mke wa sajini, alimzalisha hapa hapa nyumbani, mvua ilikuwa kubwa hatukuweza kutoka. Ana sauti ya kusikika mpaka uwanja wa gwaride.

Mwalimu bado yuko ndani. Juzi Semakula alirudi kutoka Fort Portal, akaniambia alimwona kwa mbali akifagia uwanja. Anasema alikuwa anaongea na mlinzi, na mlinzi alikuwa anajibu. Zaidi ya hapo hatujui.

Mimi nimeachwa kazini, konstebo. Lakini kila mtoto wa askari lazima aandikishwe, apate sehemu ya posho na dawa. Dada yako hakushindana nami tena juu ya jina. Alinikabidhi mtoto amefungwa blanketi. Nililala naye kifuani nikalifikiria jina la babu yangu, jina zuri, halina kesi na mtu. Halafu nikaona niogope mara ngapi.

Asubuhi nikaenda ofisini. Inspekta alikuwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo. Semakula akachovya kalamu.

"Jina la mtoto?"

"Bwambale."

Inspekta hakugeuka. Semakula aliniangalia, sauti akaishusha. "Drani, una hakika? Bwambale nani?"

Nikamwambia, "Mtoto wangu wa pili. Bwambale tu. Andika."

Mkono wake ulisita, shemeji, lakini aliandika.

Mimi,
Baba Bwambale